Sikio Langu Mkononi mwa Bi Kadota

Mheshimiwa Meya, ambaye tumbo lake nalisikia kutoka hapa likiulizia chakula. Mkuu wa Idara ya Afya. Watumishi wa ofisi. Manusura wenzangu mliofika kwa mikongojo na kwa magurudumu. Na wewe mke wangu, uliyeahidi kunikanyaga mguu nikizidisha dakika tano: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekuja kumuaga Bi Orita Sanae, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minane kwenye dirisha namba nne. Walionitangulia wamemsifu kwa upole. Upole gani? Mwaka 1981 nilifika dirishani kwake damu yangu ikiwa imeanza kuharibika, nikiomba kile kitabu kidogo kinachompa manusura wa bomu matibabu bila malipo. Binti huyu hakuinua hata macho.

"Bwana Nagao, lete mashahidi wawili wasio ndugu zako, waliokuona Hiroshima siku ile."

"Dada, walioniona wamekufa."

"Wote?"

"Wamebaki wawili."

"Basi shida iko wapi?"

Shida, ndugu zangu, ilikuwa nyanya. Asubuhi ile darasa letu lilipelekwa katikati ya mji kubomoa nyumba, ili moto wa mabomu ukija usipate njia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na njaa ya watu watatu. Nikasingizia tumbo, nikaenda Ushita, pembeni ya mji, kwenye bustani ya Bi Kadota. Alinikamata nyuma ya ghala lake la kuta nene za udongo, akanivuta sikio mbele ya mkwewe. "Leo utanitambua, mwizi wee!" Hapo ndipo ule mwanga ulipokuja. Ghala likapasuka, mapaa yakaruka, mji ukatoweka. Bi Kadota hakuliachia sikio.

Ningemwandikiaje mama huyo? Na mke wangu je? Siku zile, nani angemwoza binti yake kwa mtu wa bomu, watu wakiamini watoto watazaliwa wagonjwa? Mshenga nilimwambia mimi ni mtu wa Okayama, mji mwingine kabisa, nikahamia huku kaskazini, nikazeeka na uongo wangu.

Nikaandika. Jibu lilipofika, mke wangu ndiye aliyelifungua.

"Nathibitisha kwamba Nagao Tamotsu alikuwa Ushita asubuhi hiyo, kwa kuwa sikio lake lilikuwa mkononi mwangu. Alisema amechuma nyanya mbili. Zilikuwa nne. Mkwe wangu anatia sahihi hapo chini, naye alizihesabu."

Nikasubiri kufukuzwa. Mke wangu akavua miwani. "Okayama! Mtu gani wa Okayama analia kila tarehe sita Agosti, saa mbili na robo asubuhi, akisingizia kitunguu, na nyumbani hakuna kitunguu? Baba Yoshie, umeniona mjinga miaka yote hii?"

Nikaipeleka barua dirishani. Bi Orita aliisoma, akacheka mpaka akajifunika uso kwa faili. Kisha akauliza, "Na darasa lako?"

Nikamwambia lilikuwa katikati ya mji. Akaweka kalamu chini. "Walikuwa wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Wataje."

Fomu haikuwa na nafasi ya majina hayo. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake. Ofisi ilifungwa, taa zikazimwa moja moja, nasi tulikuwa bado kwenye safu ya tatu ya madawati.

Tangu hapo kila Agosti nampigia simu ofisini, nawataja kwa mpangilio wa madawati. Nikikosea, ananirudisha dawati la kwanza bila huruma. Mwaka huu nilimruka mmoja wa karibu na dirisha la darasa. Safari hii hakunirudisha dawati la kwanza. Akasema taratibu, "Ogino. Alikuwa akikuazima kifutio."

Mheshimiwa Meya, umempa mama huyu saa ya ukutani na ruhusa ya kupumzika. Saa achukue. Ruhusa hiyo mimi siitambui. Bi Orita, duniani hakuna mwingine anayewajua wote, na mimi safu ya nyuma inaanza kunitoka. Kuanzia kesho, simu ya dirisha namba nne atapokea mtu mwingine, na namba ya nyumbani kwako sina. Tafadhali niandikie kabla hujatoka mlangoni.

Kwa uvumilivu wenu, asanteni sana.