Mgeni Aliyebeba Maji Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Wambeti wa Kiambere, tuliyemzika Jumamosi. Wambeti, mlezi wa watoto wa shule katika kanisa lao. Nanyi msinikasirikie nikisema nilichoambiwa nyumbani kwake: mama huyu alikuwa mwoga.

"Mama aliogopa maji," mwanawe Ishmael aliniambia. "Hata beseni likijaa, alisimama kando."

Alikuwa na sababu. Akiwa msichana alimwona dada yake akichukuliwa na mamba pale bwawani. Tangu siku hiyo hakukanyaga ukingo. Maji ya nyumbani aliletewa na watu wa punda.

Kanisa lilipoanza kulea wanafunzi, kila mtu mzima alipewa mtoto mmoja. Mchungaji Nyaga akawakataza kuwangoja watoto kanisani. Mwende kwao, aliwaambia, mkae jikoni, mjuane. Wambeti akapewa Ciku wa darasa la nne, aliyeishi na cucu yake, yaani nyanya yake, karibu na bwawa. Karibu na bwawa, wasikilizaji. Hebu fikirini moyo wa Wambeti.

Alienda hivyo hivyo. Kila Ijumaa alipita njia ya juu, asiyaone maji, akaketi jikoni, wakasoma na Ciku, wakanywa chai. Chai haikukosa. Kwetu mgeni haondoki na koo kavu, na Wambeti hakuwahi kuuliza maji ya chai yametoka wapi.

Ijumaa moja alifika mapema. Akamkuta cucu peke yake akichochea moto. Akauliza Ciku yuko wapi.

"Ameenda bwawani," cucu akajibu. "Si tulijua unakuja? Huwa anaenda kila Ijumaa kuteka maji ya chai."

Kila Ijumaa. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimpeleka mtoto kwa mamba, kwa ajili ya kikombe cha chai! Aliteremka mbio akijikwaa, akiomba kwa Kimbeere, maana Kiswahili chote kilikuwa kimemtoroka. Ukingoni aliona patipati za mtoto. Patipati tu. Kisha akamwona Ciku mwenyewe, maji yamemfika magotini, mtungi mkononi, akitafuta mahali pasipo na tope. Nyuma yake maji yalikuwa yakitikisika, na upepo haukuwepo.

Wambeti aliingia majini. Yule aliyeogopa beseni, aliingia. Akamshika Ciku mkono, akamvuta hadi nchi kavu, mtungi wakauacha. Mamba mwenyewe hawakumwona kwa macho. Lakini mtungi ule haukuonekana tena.

Ishmael anasema mama yake alirudi, akakataa chakula. Ijumaa iliyofuata akaenda tena, safari hii akiwa na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mgeni na maji yake ya chai. Cucu aliona aibu mwanzoni, kisha akazoea. Wambeti akaendelea hivyo mpaka Ciku akamaliza shule, na walezi wenzake wakamwiga.

Jumamosi, matangani, mwanamke kijana aliingia uani na mtungi mgongoni. Ni Ciku. Sasa naye analea mtoto wa shule. Nilimuuliza kama Wambeti alikuja kuushinda ule woga.

"Hapana," alisema. "Siku ile mkono wake ulitetemeka kuliko wangu. Lakini hakuniachilia."

Pole Ishmael, poleni jamaa wote, poleni waumini wa Kiambere. Mungu awatie nguvu. Nasi wengine, tunaokaribishwa katika nyumba za watu, leo tukipewa kikombe tuulize kwanza: maji haya, ni nani aliyeyaendea?