Mashine Yetu, Leseni Yao

Treni ilipoanza kutembea, mama aliyekaa mbele yangu alimgeukia bintiye, fundi wa mashine za kupigia kura. "Mwanangu, leo kwenye kikao cha tume ya uchaguzi lazima useme wewe?"

"Lazima, mama. Uchaguzi uliopita mashine ziligoma, watu wakaungua jua foleni nzima, mimi nimesimama na bisibisi mkononi. Mkataba unanikataza kuzifungua. Mashine tulizinunua, lakini programu ni ya kampuni. Sisi tuna leseni ya kuitumia tu."

"Yaani umeozwa mume, ufunguo wa chumba anao mama mkwe?"

Binti aliangua kicheko. Mimi nilijificha nyuma ya gazeti, maana mama mkwe wangu namjua.

"Ndiyo hivyo. Nataka mkataba mpya uturuhusu kufungua na kukagua wenyewe."

"Wakikufukuza kazi?"

"Nitarudi kwako unilishe."

"Kwa ulaji wako huo? Bora uchaguzi uahirishwe." Kisha akamwekea kola sawa. "Sema polepole. Ukikasirika unameza maneno."

"Sikasiriki!"

"Haya, umeshaanza."

Treni ikasimama. Binti akainuka. "Mama, wewe unashuka kituo kinachofuata."

"Najua," alisema mama, akamshika mkono, wakashuka wote.