Utumbo Wangu Ulivyokaribia Kumlisha Ndunge Kiapo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, asifiwe tena, hiyo ya kwanza mmeitikia kama watu hawajakunywa chai.

Mimi ni wa hapa hapa Kathonzweni, mnanijua. Leo nataka mjue jinsi tumbo langu lilivyotaka kumfukuza mjane nyumbani kwake.

Ilianza na kuhara. Nikafanya kama tunavyofanya wote: nikaenda duka la dawa, nikauziwa antibiotiki bila kuulizwa swali. Tumbo likirudi, nanunua tena. Halafu ikaja damu. Magoti yakavimba, macho yakawa mekundu, nikakonda mpaka nguo zikanikataa. Nyinyi mliniombea, asanteni. Lakini mama mkwe alikuwa ameshapata jibu lake. Alikumbuka nilianza kuugua baada ya kula isyo, mahindi na maharagwe, kwa Ndunge, mjane wa shemeji yangu.

Akamwita mbele ya watu. "Ndunge, ulimpea nini huyu?"

"Mama, tulikula sufuria moja na yeye na watoto wangu. Kama mnataka kithitu, nitakula."

Wakamba wenzangu, kithitu siwaelezi. Kwa mgeni aliyeketi pale nyuma: ni kiapo ambacho ukiapa uongo, watu wa nyumba yako wanakufa. Hata tuliookoka tunakiogopa, msinidanganye! Na ubaya wake ni huu: Ndunge akishaapa, mtoto wake akishikwa hata na malaria tu, watasema ndiye mchawi, wamfukuze, na shamba aliloachiwa na mumewe limeenda. Wazee wa ukoo wakaitwa waje Jumamosi.

Ndugu zangu, niliogopa! Si kufa. Niliogopa mtu asiye na kosa aharibiwe kwa sababu ya tumbo langu. Nikamwambia mume wangu sitaki wazee, nataka daktari. Akaniambia mama yake ni mama yake. Dada yangu wa Matinyani ndiye alikuja kunichukua, tukaenda hospitali Kitui mjini. Wakaniingiza mpira wenye kamera, wakakata kipande kidogo cha utumbo wakapime. Majibu, wakasema, ni Jumamosi hiyo hiyo.

Jumamosi tuko kwa benchi, mume wangu akapiga simu. "Wazee wameketi. Ndunge ameshavua viatu ale kithitu."

"Wazuie!"

"Nitawazuia na nini?"

Nikalia pale, Yesu, Yesu, mpaka askari wa mlangoni akanitazama vibaya.

Mlango ukafunguka. Daktari, msichana mdogo tu, akasema, "Mama, hii si sumu. Utumbo wako mkubwa umevimba ndani na una vidonda. Ni ugonjwa, na uko na dawa." Akanieleza kwamba tumboni tunaishi na bakteria wasiohesabika, na wengi ni wetu: wanasaidia kusaga chakula na kulinda ukuta wa utumbo. Mpangilio wao ukiharibika, kinga ya mwili inaweza kugeuka ipigane na utumbo wenyewe, na moto huo unafika hadi magotini na machoni. Hakusema chanzo ni kimoja. Lakini zile dawa nilizomeza ovyo huenda zilichangia, maana zinaua wabaya pamoja na wazuri.

Nikamsukumia simu. "Daktari, mwambie mume wangu hivyo hivyo, kwa sauti kubwa!"

Mume wangu akaweka spika mbele ya wazee. Mzee mmoja akauliza kama hao bakteria walitoka kwa chakula cha Ndunge. Daktari akamjibu, "Mzee, hata wewe uko nao, sasa hivi." Wazee wakaangalia matumbo yao, wakacheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Kithitu kikarudishwa kilikotoka. Haleluya!

Sijapona kabisa, siwadanganyi. Dawa bado nameza, kliniki bado naenda. Lakini damu imekatika na magoti yananibeba mpaka hapa madhabahuni. Asante Yesu! Wewe unayeumwa, na tayari una jina la mtu mdomoni, mtegemee Mungu aliyeniokoa, halafu uende upimwe.

Ndunge ni yule pale, mwenye kitambaa cha buluu. Jana usiku watoto wake walilala kwa nyumba aliyowaachia baba yao.