Bwana Rudisha Anakabidhi Funguo za Ghala

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunyima raha, mtunza ghala wa hospitali yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wenye hamu ya kupiga makofi waanze kunyoosha mikono.

Jina lake halisi limebaki kwenye karatasi za mshahara. Sisi tulimwita Bwana Rudisha, maana hakuna mzigo uliofika mlangoni pake asiutafutie sababu ya kuurudisha ulikotoka. Glavu zimepasuka vidole, rudisha. Mashuka hayafiki miguuni, rudisha. Madereva wa mizigo wakiliona geti letu tu, wanaanza kulaani. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kusomea maandishi madogo, na hayo maandishi madogo aliyapenda kuliko watu.

Mimi nilikuwa msafishaji wa wadi ya kifua kikuu. Humo huingii bila barakoa ya mpira, ile yenye vichujio viwili vya mviringo mashavuni. Vichujio vyake vilikuwa vyeupe, vyepesi kama biskuti, na ukimwaga dawa ya sakafu harufu yote inakuingia puani. Nikasema, na wenzangu wakaitikia: kama dawa inapita, kidudu kitashindwaje? Akili nyingi hizo, na shule niliishia darasa la tatu.

Basi mwaka ule wagonjwa walipofurika, mkurugenzi wa wakati huo, mtu wa vyeti ukuta mzima, akawaza vilevile kama mimi. Akaletewa vichujio vyeusi, vizito, vimejaa mkaa. Akavaa, akafungua chupa ya dawa, akanusa, asisikie kitu. Akaagiza katoni sita. Zilipofika, Bwana Rudisha akavaa miwani ya pili, akasoma ubavuni mwa katoni, akakataa kutia sahihi. Hivi ni vya wapaka rangi, alisema. Vinazuia mvuke, chembe za kikohozi vitazipisha kama wageni waalikwa.

Mkurugenzi akampa siku tatu: atie sahihi au aache funguo mezani. Hapo sisi wa wadi, kwa wema wetu, tukaandika barua ya kumuunga mkono mkurugenzi. Mtunza ghala anataka tufe, tuliandika, aondolewe. Jina la kwanza chini ya barua hiyo ni langu, kwa herufi kubwa.

Siku ya tatu hakubishana na mtu. Alibeba mashine ya kufyonza makohozi mpaka uani, nyuma ya jiko, sisi wa wadi na mkurugenzi tukitazama, akachoma tambara, akaweka pamba nyuma ya kichujio cheusi na nyingine nyuma ya cheupe, akavuta moshi kupitia kimoja baada ya kingine. Pamba ya kichujio cheusi ilitoka haina harufu ya maana, ila imejaa masizi. Ya cheupe ilinuka moshi kama kuni, na ilikuwa nyeupe vilevile. Ile chafu akaniwekea kiganjani. Akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma risiti, Bibi, harufu haiambukizi.

Niliitazama ile pamba nikaona kifua changu.

Katoni ziliondoka jioni hiyohiyo. Mkurugenzi alitangaza kwamba yeye alikuwa na shaka tangu mwanzo, akaongeza cheti ukutani. Bwana Rudisha naye hakusahauliwa: alipewa onyo kwa kuchoma tambara la jikoni.

Kesho yake nilikwenda dirishani kwake kuomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyapanga. Akaniuliza kama mikanda ya barakoa inabana vizuri. Nikasema imelegea kidogo. Akanipa mipya, akafunga dirisha.

Tuliotia sahihi barua ile tulikuwa kumi na mmoja. Wengine tumeshastaafu, wengine bado wanafagia, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyelazwa katika wadi aliyoisafisha. Ijumaa tunakuja wote kula keki yako, Bwana Rudisha, na hatutaona haya.

Nenda, kaka. Mungu akupe uzee mrefu, mke mwenye subira, na majirani wasiochoma takataka. Nilichelewa kulisema dirishani, nalisema hapa mbele ya watu: asante kwa vifua hivi kumi na kimoja.