Picha ya Kwapa

Basi lilikuwa ndiyo kwanza linatoka stendi, mama muuza nguo akaiona picha mikononi mwa dada fundi cherehani aliyekaa naye kiti kimoja.

"Hongera, mwanangu! Kichwa hiki hapa, na pua ya baba yake."

"Siyo mimba, mama. Ni kwapa langu."

Mzee wa kiti cha nyuma akafumba macho, maana maongezi ya namna hiyo husikika vizuri zaidi mtu akijifanya amelala.

"Nina virusi vya UKIMWI," dada akaendelea, wala hakushusha sauti. "Tezi zilivimba mpaka mkono ukagoma kushika mkasi. Leo wamenipiga tena altrasaundi. Ile iliyokuwa kama ndimu, ione sasa, kama harage! Dawa siruki hata siku moja."

"Shii! Watu wanasikia."

"Wasikie. Nimehangaika nalo mwenyewe harage hili."

Mzee akatabasamu usingizini.

Mama akaichukua picha, akaielekeza dirishani, akaitazama. Basi likasimama. Dada akanyoosha mkono uleule uliowahi kugoma. "Haya mama, nipe picha yangu, nikurudishie hongera yako."

"Thubutu! Mimi hongera nikishatoa, nimetoa. Lakini ile pua nimeiona."