Kalondu Ndeti, Fundi wa Mashine ya Miale

Dada yetu Kalondu alizaliwa tarehe 9 Machi 1970, Laini Saba, Kibera, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ndeti Musau na marehemu mama Mwelu. Mimi Nashon, ninayewasomea, ndiye kaka yake mkubwa. Mumewe, Austine, aliponiomba nisome, nilikataa mara mbili. Mtasikia sababu.

Alisoma shule ya msingi karibu na mtaa wa Olympic, akawa kati ya wale wa kwanza kabisa kufanya mtihani wa KCPE, mwaka wa 1985. Alimaliza sekondari 1989, kisha akasomea elektroniki miaka miwili.

Mwaka 1992 alifungua kibanda cha kutengeneza televisheni mtaa wa Kongo, Kawangware, enzi za zile zenye mgongo mkubwa. Mteja hakuondoka bila somo. Kalondu alimwonyesha chupa ya kioo iliyo ndani, akamweleza kwamba huko nyuma chembe ndogo za umeme hukimbizwa hadi zigonge kioo cha mbele. Wanasayansi, alisema, walianza na chupa kama hizo. Karibu mwaka 1930 Wamarekani waliunda mashine ya mviringo ya kukimbiza chembe, ikitosha kiganjani. Leo Ulaya wanayo ya chini ya ardhi, mzunguko wake kilomita ishirini na saba. Siku moja jirani muuza mboga, Wakarima, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwa upole kwamba yeye alitaka tu taarifa ya saa moja. Kalondu alicheka kuliko sisi sote.

Austine Osewe wa Kisumu Ndogo alileta televisheni moja ikatengenezwa mara tatu, ingawa iliharibika mara moja tu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa Aluoch na Musau.

Televisheni bapa zilipokuja, kibanda kilikosa kazi. Mwaka 2008 hospitali moja hapa jijini ilimwajiri, ikamfunza kutunza mashine ya kutibu saratani. Alituambia ni ndugu ya ile chupa: inakimbiza chembe karibu na kasi ya mwanga, zinagonga chuma, inatoka miale inayoelekezwa kwenye uvimbe. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliipima miale hiyo.

Mwaka 2015 mama alipata saratani ya shingo ya kizazi. Kalondu alimpeleka kwenye mashine hiyo, akapangiwa siku ishirini na tano. Baada ya siku sita mama alichoka sana, ngozi ikabadilika rangi. Nilienda nikamtoa, nikampeleka kwa mtu wa miti shamba. Alifariki Novemba. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wake, nikasoma hapa hapa Lang'ata kwamba mama aliuawa na mashine ya binti yake. Wengi wenu mlikuwepo. Kalondu alikuwa amesimama pale mbele. Kuanzia siku hiyo kuna watu kanisani waliomsalimia kwa mbali.

Mwaka 2021 saratani ya koo ilinishika mimi. Kalondu alinipeleka kwenye mashine ile ile, siku thelathini na tatu, nikapona. Siku ya mwisho, tukiwa kwenye benchi la hospitali, nilianza kumwomba msamaha kwa sauti iliyokuwa imekwisha. Akanikatiza.

"Nilikusamehe kitambo, Nashon. Lakini yale uliyasema mbele ya watu. Yarudishe mbele ya watu."

Nikaahidi. Jumapili iliyofuata, kanisani, nilikaa tu kitini. Na iliyofuata. Nimeketi hivyo miaka minne, kwa kuona haya.

Tarehe 17 Aprili 2025 presha ilimwangusha akiwa kazini. Alilazwa siku kumi na moja, akatuacha Jumatatu, tarehe 28, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Basi nayarudisha. Mashine ya Kalondu haikumuua mama. Mama aliuawa na ugonjwa, na mimi ndiye niliyemwondoa kwenye matibabu. Niliyosoma mwaka ule yalikuwa uongo, na aliyestahili kunisikia nikisema hivi hanisikii.

Ameacha mume, Austine, watoto, Aluoch na Musau, mjukuu mmoja, na kaka mmoja.

Mungu ampumzishe Kalondu kwa amani. Na wale mlionisikia siku ile ya mama, mkikutana na ambao hawakufika leo, tafadhali wapelekeeni maneno haya.