Mzee Upepo na Mpira wa Kompresa

Mzee Upepo, mtoboaji wetu wa miamba, amefanya kazi mgodini miaka ishirini na saba, na anastaafu Ijumaa hii, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Ofisi imeniomba mimi wa chumba cha kufulia nimwandikie, kwa kuwa ovaroli zake zote nimezifua mimi.

Alianza kwa kubeba mawe, akapewa drili, mwisho akawa mkubwa wa zamu. Mkewe anasema siku ya kwanza alirudi nyumbani mweupe pepepe mpaka binti yao akamkimbia.

Jina la Upepo alilipata mlangoni petu. Zamu ikitoka, alishika mpira wa kompresa, ule unaotoa upepo kwa nguvu, akawapuliza vumbi wenzake mmoja mmoja, mgongoni, kifuani, hata kichwani, akiwatania kwamba wake zao hawakuolewa na magunia ya saruji. Tulicheka jamani! Alifanya kwa wema, ili sisi tusihangaike na maji machafu. Na mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele, shemeji, huyu bado, mrudie. Nalisema hapa kwa sababu linaniuma. Vumbi lile halikuondoka. Lilitoka kwenye nguo likaingia vifuani.

Mwaka juzi daktari alimwonyesha picha ya kifua chake. Mapafu yana makovu ya vumbi la mawe, na makovu hayo hayaponi. Kesho yake aliwahi kazini, akaufungua ule mpira, akaubeba mpaka stoo, akipumzika mara mbili njiani. Akarudi na mpira wa maji. Tangu siku hiyo mtu analowanishwa kwanza ndipo avue ovaroli, na drili haigusi mwamba kabla maji hayajatoka. Wakilalamika baridi, anawaambia baridi itaisha wakifika kwenye chai. Kisha anakohoa, nao wanajipanga kwenye maji.

Mwanangu yuko kwenye zamu ya mzee huyu. Barakoa alikuwa anaivaa shingoni kama mkufu, nimesema mpaka nimechoka. Mzee Upepo hakumgombeza. Alimwomba tu amsindikize ofisini, ngazi kumi na nne. Walisimama mara tatu. Mwanangu alirudi barakoa iko puani. Siku hizi ovaroli yake inanifikia imelowa, nzito, inanivunja mgongo, nami nashukuru.

Tulimuuliza Mzee Upepo anataka zawadi gani. Akasema kiti cha kuegemea, maana kulala chali hawezi tena, kifua kinambana. Seremala wetu amekitengeneza, na mito nimeishona mwenyewe.

Shemeji, asante kwa miaka yote, na kwa mwanangu. Tunakuombea siku za utulivu na mkeo, na usingizi usiokatizwa na kikohozi. Keti, uvute pumzi taratibu. Jumatatu mpira wa maji anaushika mwanangu, na mimi nitakuwa mlangoni namwangalia.